Ekuteri ya bei kidogo: kwanza wimbo, kisha falanga

Katika mwaka mmoja na nusu nimenunua ekuteri tano kwenye soko ya Kenya, hapa Lubumbashi. Ya kwanza ilidumu wiki tatu. Ya pili ilikufa upande mmoja kabla bisi haijanifikisha Katuba. Ya tatu mtoto aliikalia. Ya nne na ya tano hazina historia: nilizichomeka kwenye simu, zikaimba sawasawa na mtu anayesema akiwa ameingiza kichwa ndani ya ndoo, nikawaachia watoto wachezee. Siku nilipokaa kuhesabu falanga zote zilizopotelea mule, nilikuta zingetosha kununua kaski moja ya maana, na ya bisi ingebaki.

Naandika haya kwa ajili ya wale wanaopita njia ileile: hawana dola mia ya kutupa, lakini wanapenda miziki, na wamechoka kununua kila mwezi. Tena kuna jambo moja nililojifunza ambalo si la falanga. Nitalifikia.

Mambo ya kaski yalianza kwa sababu ya Papa. Tunaishi watu saba ndani ya nyumba ya vyumba vitatu. Jioni umeme ukirudi, watoto wanatandika madaftari mezani, mama yao anataka kusikia habari, na Papa, ambaye alifanya kazi karibu miaka makumi tatu pembeni ya mashine za kusaga mawe ya mgodi, anataka miziki yake ya zamani. Alikuwa anafungua bafle mpaka mwisho. Watoto wanaziba masikio na kusoma. Jirani anagonga ukuta. Ukimwomba apunguze, anapunguza kidogo, na baada ya nyimbo mbili imepanda tena. Nikamwambia: “Papa, nitakutafutia kaski yako peke yako.” Akacheka: “Kaski? Miye niko mutoto wa disko?”

Njiani si nyumbani

Kosa langu la zamani lilikuwa kutaka kitu kimoja kifanye kazi zote. Miziki ya njiani na miziki ya nyumbani haziombi chombo kimoja.

Njiani adui ni kelele. Kuna moteri ya bisi, reseveri anayegombana na watu juu ya chenji, muhubiri mwenye mikro yake kwenye kona. Ukivaa ekuteri zile ngumu za plastiki zinazokaa tu mlangoni mwa sikio, kelele yote inaingia pamoja na wimbo, nawe unapandisha volime ili wimbo ushinde. Kwa hiyo, kwa njia, tafuta zile ndogo zenye vipira laini vinavyoingia ndani ya tundu la sikio na kuliziba. Kelele inabaki nje, na wimbo unasikika kwa volime ya chini.

Lakini vile vipira ndivyo vinavyofanya watu wengi watupe ekuteri nzuri bure. Ndani ya boksi mara nyingi kuna pea tatu: vidogo, vya katikati, vikubwa. Vya katikati vimekwisha kuvalishwa, vingine vimo ndani ya kimfuko ambacho tunakitupa pamoja na boksi. Kipira kisipoziba sikio, besi yote inatoroka, na unasema “hii ekuteri haina nguvu.” Jaribu hivi: vaa, kisha sema neno moja kwa sauti yako ya kawaida. Kama unajisikia mzito ndani ya kichwa, kama mtu aliyeziba masikio kwa vidole, imekaa vizuri. Kama hujisikii tofauti, badilisha kipira. Tena usishangae kuona sikio la kuume linataka kikubwa na la kushoto linataka kidogo. Mimi niko vile.

Nyumbani ni mambo mengine. Hapo kaski inayofunika masikio inakufaa zaidi, kwa sababu haikuchoshi tundu la sikio na unaweza kukaa nayo saa mbili. Kaski ziko za namna mbili. Kuna zile zilizofungwa mgongo, ambazo sauti haitoki nje sana. Na kuna za wazi, zenye matundu ao wavu kwa nyuma. Za wazi zinaimba kwa upana, ni kama wapigaji wamekaa mbele yako chumbani badala ya kukaa katikati ya kichwa chako. Namna hii ilianza kuuzwa mwaka 1968, Wajerumani wa Sennheiser walipotoa HD 414 yao. Tena si lazima ya wazi iwe ya bei kubwa: Koss Porta Pro ya Wamarekani ilitoka mwaka 1984, ni nyepesi, ina vifuniko vya sponji tu, na mpaka leo inatengenezwa karibu na umbo lilelile. Ukiwa na ndugu anayerudi kutoka Ulaya ao Amerika, mwombe hiyo mbele ya kumwomba viatu.

Ubaya wa za wazi: kila mtu chumbani atasikia wimbo wako. Uzuri: utasikia chungu kinachemka na mtu anayebisha mlangoni. Kwa nyumba yetu ya watu saba, na madaftari mezani, nilichagua iliyofungwa.

Boksi inasema mingi

Muuzaji alikuwa kijana mwenye meza ndefu, ekuteri zimetundikwa kama samaki wa kukausha. Akanikamatisha kaski nyeusi yenye taa za buluu pembeni.

“Yaya, hii iko original. Besi yake inatikisha mpaka moyo. Elfu makumi tatu, na tutasikilizana.”

“Nijaribu kwanza?”

“Ukifungula boksi, umeisha kuinunua.”

Nikairudisha. Siyo kwa hasira, ila kwa kanuni niliyojiwekea baada ya zile tano: pasipo kusikia, hakuna falanga. Kwenye meza za barabarani hakuna garanti ya kweli. Ukishageuka kisogo, garanti imeisha. Basi jaribio ni pale pale.

Maneno ya boksi usiyategemee sana. Ile “20 Hz – 20 kHz” kila boksi inayo, hata ya ekuteri mbovu kupita zote. Taa hazina sauti. Neno “Extra Bass” maana yake mara nyingi ni kwamba besi imeongezwa mpaka imefunika gitare na maneno ya mwimbaji. Na kuna herufi tatu zinazodanganya watu wengi sana: ENC. Mtu anaona ENC, anafikiri kaski itanyamazisha kelele ya bisi masikioni mwake. Hapana. ENC inasafisha sauti yako kwenye mikro, ili yule unayempigia simu asisikie kelele iliyo kwako. Ile ya kunyamazisha kelele kwa msikilizaji inaitwa ANC, na kwa bei ya chini kabisa, hata ikiandikwa, mara nyingi inafanya kazi kidogo. Kipira kinachoziba vizuri kinashinda ANC ya uongo.

Alama moja tu ya boksi inafaa kuangaliwa: Ω, ndiyo omu. Ukiona 16 ao 32, simu yako itaiweza bila shida. Ukiona 250, hiyo ni ya watu wa studio, inaomba ampli; kwenye simu itaimba kama mgonjwa. Kaski za namna hiyo zinafika wakati mwingine katika mitumba ya vyombo, bei nzuri, jina kubwa, na mnunuzi analia nyumbani.

Gitare moja ya Likasi

Kwa meza ya pili kulikuwa mama mmoja mwenye subira. Akaniachia nijaribu nne, moja baada ya nyingine, na simu yangu, na wimbo wangu.

Hapo ndipo penye ujuzi wote. Wauzaji wana wimbo wao wa kujaribia, umejaa besi, unapendeza hata kwenye kopo. Usiukubali. Leta wimbo unaoujua tangu utoto, ule ambao mpigaji akikosa unajua. Mimi nilileta “Masanga” ya Jean-Bosco Mwenda, iliyorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Ni mtu mmoja na gitare moja. Kidole gumba kinatembeza besi, kidole cha pili kinaimba juu, na asiyejua anafikiri wamekaa watu wawili. Kaski nzuri inakuonyesha vile vidole viwili, kila kimoja na njia yake. Kaski mbaya inavichanganya: ao gumba linameza yote, ao ya juu inakata kama wembe na gumba halipo. Katika zile nne, mbili zilianguka hapo hapo. Moja yao ndiyo iliyokuwa na bei kubwa kupita zote.

Tena rekodi ya zamani ina faida nyingine. Wakati ule walirekodi kwa njia moja tu, bila stereo. Kwa hiyo masikio yote mawili yanapata kitu kilekile, na gitare inapaswa kusikika katikati kabisa ya kichwa. Ikivutika upande mmoja, kuna upande unaopungua. Kumbuka neno hili, litarudi.

Baada ya gitare nikaweka sebene ya stereo, ile ambayo gitare moja iko kushoto na nyingine kuume, ili nijue pande hazikugeuzwa. Wengi wetu tumesoma Kifaransa, tunatafuta G na D. Kwenye vyombo hivi utaona L na R. L ni kushoto, R ni kuume. Mwisho nikaweka mtu anayesoma habari. Kama sauti ya mtu inasikika kama ya mtu, si ya ndoo, basi.

Na kisha kazi ya mikono: shika waya pale unapoingia kwenye jaki, uupinde polepole huku na huku wimbo ukiendelea. Fanya vile tena pale unapoingia kwenye kaski. Ukisikia “kraa” ao upande unakatika, rudisha. Ekuteri nyingi hazifi kwa sauti mbaya. Zinafia pale, sentimita mbili za karibu na jaki. Ndiyo sababu ukipata yenye waya unaochomoka, hata ukilipa kidogo zaidi, umefaidi: waya ukifa unanunua waya tu. Na usioweza kuchomoka, fundi wa kona anaweza kukata na kusude jaki mpya kwa falanga kidogo. Ya bila waya ikifa, fundi anakuangalia tu.

Mama yule aliomba elfu makumi mbili na tano. Tukamaliza kwa kumi na nane.

Waya ao bila waya

Najua vijana wanacheka waya. Mpwa wangu ana zile mbili nyeupe ndogo za Bluetooth, na kweli ni raha kutembea nazo. Lakini hesabu pamoja nami. Zina batri tatu, moja katika kila sikio na moja katika kiboksi. Batri hizo ndogo zinachoka mwaka baada ya mwaka, na kwa bei ya chini hakuna anayezibadilisha. Umeme ukikosekana siku mbili, miziki imekosekana siku mbili. Moja ikianguka ndani ya mfereji, umebaki na nusu. Na ukitazama filamu kwa zile za bei ya chini, mdomo unafunga kabla ya neno kufika.

Waya hauombi umeme. Na kuna jambo ambalo wengi wamesahau: katika simu nyingi zenye radio FM, waya wa ekuteri ndiyo antena. Bila waya radio haifunguki. Kwa mtu anayefuata Radio Okapi kila asubuhi bila kununua megabiti, hilo peke yake linatosha kukata shauri.

Shida ni simu mpya zisizo na tundu la jaki. iPhone ililiondoa mwaka 2016, na wengine wengi wakafuata. Hapo unahitaji adapta ya USB-C ao, kwa iPhone za zamani kidogo, ya Lightning. Angalia sana: adapta inayoimba kwenye simu ya muuzaji inaweza kunyamaza kwenye yako, kwa sababu nyingine ni waya mtupu na nyingine zina kifaa kidogo ndani kinachogeuza namba kuwa sauti. Kwa macho zinafanana. Jaribu kwenye simu yako, si ya mtu mwingine.

Sikio la Papa

Nikaipeleka kaski nyumbani. Papa akavaa, akafunga macho. Gitare ikaanza. Baada ya muda kidogo akaitoa.

“Wamekuibia. Upande wa kushoto inakufa.”

Nikaivaa mimi. Gitare ilikuwa katikati. Nikafikiri ni waya, labda unashika na kuachia. Asubuhi tukaenda pamoja kwa yule mama, nami nimejiandaa kugombana. Hakugombana. Alimwita mtoto wake, kijana wa kutengeneza redio, akaweka wimbo uleule, akamwambia Papa:

“Papa, sasa igeuze. Ya kushoto ivalie ku kuume.”

Papa akaigeuza. Akasikiliza.

“Ingali kushoto.”

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa heshima: “Basi haiko kaski, Papa. Ni sikio.”

Hatukusema mengi njiani. Nilikuwa nawaza vile bafle zilizofunguliwa mpaka mwisho, jirani anayegonga ukuta, na sisi tuliosema mzee amekuwa mkaidi. Daktari wa masikio alikuta sikio la kushoto limezibwa na nta iliyokuwa ngumu kama jiwe, akaitoa. Sehemu ya sauti ikarudi siku ileile. Lakini baada ya kupima alisema masikio yote mawili yamepoteza sauti za juu, na ya kushoto zaidi, kwa sababu ya ile miaka ya mashine, na hizo hazirudi. Hakuna kaski ya kuzirudisha.

Kuna kitu kidogo cha kufanya. Katika simu, ingia kwenye mipangilio, tafuta “Accessibilité”, na mule utaona “Audio mono”. Ukiiwasha, yale ya kushoto na ya kuume yanachanganywa na kupelekwa kote kuwili. Kwa “Masanga” haibadilishi kitu. Lakini kwa sebene ya stereo, ile gitare ya kushoto iliyokuwa imepotea kwa Papa, sasa inampata kwa sikio la kuume. Pembeni kuna mstari wa kusukuma nguvu upande mmoja; tumeusukuma kidogo sana kwenda kushoto.

Nikamgeukia mpwa wangu na zile zake nyeupe, kwa sababu yeye hana mashine ya mgodi, anajiharibu kwa raha yake. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 katika juma. Kwa mtoto ni desibeli 75 kwa saa zilezile. Kila desibeli 3 ukiongeza, saa zinakatwa nusu: kwa 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10, kwa 89 ni saa 5 tu, juma zima. Hakuna mwenye kipimo cha desibeli mfukoni, basi tumia walichosema pia: usipitishe volime asilimia 60 ya mwisho wa simu yako. Na kama usiku masikio yanalia “nziii” wakati nyumba imenyamaza, ulizidisha. Mpwa wangu anaendesha taksi-moto na zote mbili masikioni. Hiyo hata sikumweleza kwa desibeli. Nilimwambia avue, kwa maana lori la nyuma halipitii kwenye Bluetooth.

Ndiyo sababu siku hizi, mtu akiniuliza kaski gani nzuri, sianzi na jina. Namwomba aniambie ni ipi inayomwachia asikie kila kidole kwa volime ya nusu. Ile inayoomba upandishe ndipo ipendeze, ni ghali, hata kama imeuzwa falanga elfu tano.

Kaski ya Papa sasa ina miezi saba. Ngozi ya vifuniko imeanza kubanduka, inamwachia vipande vyeusi masikioni, na mkewe anamcheka. Yule mama wa soko ana vifuniko vingine, ila vipana zaidi; kijana wake anasema atavikata. Juzi mjukuu wa miaka sita aliivaa dakika moja, akaitoa, akauliza wale watu wa gitare wako wangapi.

“Mumoja tu,” Papa akajibu, naye akairudisha kichwani mwake.